Kipa wa Tatu

Simu ilipoita, Kufuli alikuwa amechutama jikoni, suruali imekunjwa hadi magotini, anasakafia. Sakafu ile ilikuwa ahadi ya siku nyingi. Kila likizo aliikuta na mashimo yake, na kila likizo iliisha kabla hajanunua saruji. Safari hii alishuka kwenye gari na mifuko ya saruji, hata chai hakunywa kwanza, na mkewe alipoona hivyo moyo ukamtulia: mwanaume amerudi, na amerudi kweli kweli.

Alikuwa golikipa wa klabu ya mji wa mbali, safari ya basi ya kutwa nzima. Jina la Kufuli alipewa na mtaa tangu enzi za mpira wa makaratasi, kwa kuwa lango alilolifunga yeye halikufunguka. Mkewe alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao: viti vitatu, draya moja, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na televisheni juu ya kabati ili wateja wasichoke kukaa. Walikuwa wameoana miaka saba, lakini ukitoa siku za ligi na siku za kambi, msusi alipenda kuwaambia wateja wake, yeye bado ni bibi harusi.

Simu ilikuwa saluni, inachajiwa. Mkewe aliipokea kwa vidole vyenye mafuta ya nywele, akasikiliza, kisha akaipeleka jikoni ameishika kama yai la moto.

"Anasema ni kocha msaidizi," alisema. "Wa timu ya taifa."

Kufuli alisimama na mwiko wake wa saruji mkononi. "Ndiyo, mwalimu. Ndiyo. Niko tayari, mwalimu." Simu ilipokatika aliendelea kusimama vilevile, anautazama mwiko kama hajui ni wa nini.

"Kipa wa tatu kavunjika kidole mazoezini. Wananitaka mimi. Ndege keshokutwa."

"Utacheza?"

Akacheka. "Nicheze wapi? Mbele yangu wako wawili. Mimi ni wa benchi. Lakini ni benchi la mashindano ya mataifa, mke wangu! Watu wanazaliwa, wanacheza mpira, wanastaafu, hawajalikalia."

Swali lilimfika msusi mdomoni: na sisi je? Na likizo je? Akayaona macho ya mumewe yalivyowaka, akalimeza.

"Nenda kaoge," alisema. "Una saruji mpaka masikioni."

Mama mkwe, ambaye alikuwa akiishi nao tangu macho yake yalipoanza kuzimika, alipoelezwa kipa wa tatu ni nani, alitikisa kichwa. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa lori, na mambo mengi ya dunia aliyapimia lori. "Nimeelewa. Ni gurudumu la akiba. Likibebwa, safari inaanza kwa amani. Mkifika salama, hakuna anayekumbuka kwamba mlikuwa nalo."

"Mama, usimvunje moyo mwanao," alisema Kufuli.

"Simvunji. Gurudumu la akiba huwa jipya kuliko yote."

Aliondoka na begi dogo. Sakafu ya jiko akaiacha nusu laini, nusu mashimo, na msusi akazoea kuinua mguu kila anapofika katikati.

*

Faraja yake ilikuwa moja, nayo aliipata kwa fundi viatu wa ng'ambo ya barabara. Huyu mtaa ulimwita Refa, kwa sababu hakukuwa na ugomvi asioutolea uamuzi, awe ameulizwa au hajaulizwa. Refa alisimama mlangoni mwa saluni, kiatu cha mtu mkononi, akatangaza:

"Shemeji, usiwe na wasiwasi. Kundi tulilopangwa ni la kifo. Mechi tatu, mabegi, uwanja wa ndege. Utamwona mumeo kabla gundi ya kiatu hiki haijakauka."

Nchi nzima ilisema hivyohivyo. Timu ilikuwa haijawahi kuvuka makundi. Kwa hiyo msusi akajipigia hesabu zake kimyakimya: watafungwa, watarudi, na likizo itakuwa imebaki kipande kizuri tu kabla klabu haijamwita kambini. Asubuhi ya mechi ya kwanza mteja mmoja aliketi kitini akasema, "Nisuke twende kilioni tu, ile mistari ya haraka ya msibani, dada, maana leo ndiko tunakokwenda," na saluni nzima ikacheka, msusi mwenyewe kuliko wote.

Jioni timu ikashinda. Beki wa wapinzani alijifunga mwenyewe, mpira ukamgonga kisogoni ukaingia kimiani. Mtaa ukalipuka. Watu walipiga sufuria, bodaboda zikapiga honi, Refa akakumbatiana na mtu waliyekuwa hawasalimiani tangu mwaka uliopita. Msusi alisimama katikati ya vifijo na kitana mkononi, anatabasamu, na kimoyomoyo akaanza upya hesabu ya siku za likizo.

Kufuli alipiga simu kesho yake mchana. Kocha alikuwa anakusanya simu za wachezaji wote na kuwarudishia baada ya chakula cha mchana tu, na saa hiyo ndiyo saluni inapofurika.

"Umetuona?" Kufuli alipiga kelele.

"Nimewaona! Subiri, nizime draya."

"Ulimwona yule beki? Kichwa kama chungu!"

"Baba Kidoti, unakula vizuri?"

"Nakula, nakula. Mama hajambo? Kidoti je?"

"Wote wazima. Kidoti anauliza utacheza lini."

"Mwambie baba anapasha misuli," alisema, na kabla msusi hajatafuta la kujibu, sauti za wanaume zikamwita, simu ikakatika.

Kidoti alikuwa binti yao wa miaka minne, mwenye alama ndogo nyeusi shavuni. Baba yake alimjua zaidi kwa sauti ya simu.

Mechi ya pili ilikuwa sare. Ya tatu wakashinda tena. Wakavuka. Na katika raundi iliyofuata, walipotarajiwa kuliwa bila chumvi, wakashinda kwa dakika za nyongeza.

Siku hizo msusi alijifunza kutazama mpira kwa namna yake. Wengine walifuata mpira. Yeye alifuata ukingo wa picha. Kamera ilipopita upande wa makocha, kwa kufumba na kufumbua, alilitafuta benchi, na kwenye benchi alilitafuta goti moja lenye kovu refu, maana sura za wachezaji wa akiba hazionyeshwi, lakini magoti yapo mbele. Akiliona, alitulia hadi kamera ipite tena. Alimwona akigawa chupa za maji. Alimwona akiwa wa kwanza kukimbilia wafungaji, amewakumbatia kuliko mtu yeyote, kisha akirudi kukaa mahali pake pa mwisho kabisa. Hakuna aliyejua kwamba anatazama goti. Mtu angemweleza nini mteja?

Usiku kitanda kilikuwa kipana. Mchana mtaa ulikuwa na furaha ambayo haikuwa na mlango wa yeye kuingilia. Wateja walitaka kusukwa kwa rangi za bendera, na akawasuka, akivitazama vidole vyake vikifanya kazi nzuri kwa jambo lililokuwa likimla siku zake. Kila ushindi ulimega kipande cha likizo.

"Shemeji," Refa alipenda kutania, "huyu Kufuli analinda nini huko?"

"Analinda benchi lisiibiwe," msusi alijibu mwenyewe kabla hajasemewa, na watu wakacheka.

Kwenye robo fainali kipa wa kwanza aligongana na mshambuliaji, akatolewa kwa machela. Kipa wa pili akaingia, akacheza kama aliyepagawa, na timu ikashinda. Simu ya Kufuli ya kesho yake haikuwa kama zile nyingine. Sauti yake ilikuwa chini.

"Nimebakiza mtu mmoja tu," alisema.

"Mmoja wa nini?"

"Mbele yangu. Sasa mimi ndiye wa pili." Akashusha sauti zaidi. "Simwombei mabaya, Mungu ananiona. Ila nataka dakika moja, mama Kidoti. Moja tu, nisimame pale kati ya milingoti na wimbo wetu umeshapigwa. Umri wangu unaujua. Mashindano mengine yakija nitakuwa nawasimulia watoto. Niombee."

"Nakuombea," alisema msusi.

Hakusema anaomba nini.

*

Siku ya nusu fainali saluni ilijaa hadi watu wakasimama barazani na kuchungulia dirishani. Refa alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa. Mama mkwe aliwekewa kiti pembeni ya kabati, chini ya televisheni, kwa kuwa kwake yeye ilikuwa redio tu. Mechi iliisha bila bao, dakika za nyongeza zikaisha bila bao, wakaingia kwenye penalti.

Watu wakashikana mikono. Mwanamke mmoja mwenye kichwa kilichosukwa upande mmoja tu, upande wa pili umetimka, alikuwa akiomba kwa sauti. Penalti zikaenda, zikarudi, mpaka ikafika zamu ya nahodha wetu, ambaye akikosa mambo yamekwisha. Akaweka mpira, akarudi nyuma, akapiga. Mpira ukagonga mtambaa panya, ukapaa juu ukapotelea kwa mashabiki.

Kilio kilichotoka chumbani mle kilisikika mwisho wa barabara. Refa alivua kofia akajifunika nayo. Na msusi, akiwa ameegemea kioo chake chenye ufa, alihisi pumzi ndefu ikimtoka tumboni, pumzi ambayo kama angeulizwa angesema hakujua kwamba ameishikilia. Anarudi, aliwaza. Anarudi nyumbani.

Hapo hapo kamera ikaenda kwenye benchi. Kwa mara ya kwanza katika mashindano yale haikupita haraka, ikakaa. Kufuli alikuwa amepiga magoti nyasini, amevuta fulana kufunika uso, mabega yanatikisika. Mtangazaji akasema kwa huzuni kwamba hata wasiocheza wana uchungu wao. Msusi aligeuza macho akatazama ukuta.

Watu walipoondoka, alimshika mama mkwe mkono kumpeleka jikoni akapate chai. Walipofika kwenye mpaka wa sakafu, wote wawili wakainua mguu.

"Mwanangu," alisema mama mkwe akiketi, "wenzako wote wamelia. Wewe umepumua."

"Mama?"

"Macho ndiyo yaliyokufa. Masikio hayajambo."

Msusi alishika birika, akaliacha. "Nimemkumbuka, mama," alisema.

"Sikulaumu hata kidogo. Unajua mimi nilikuwa naomba nini, baba yake akiwasha lori alfajiri? Nilikuwa nasimama mlangoni nimembeba huyo Kufuli wako mgongoni, nampungia mkono, na moyoni nasema: Mungu wangu, lisiwake. Liharibike. Siku moja Mungu akanisikia, likaharibika kweli."

"Akabaki nyumbani?"

"Liliharibikia huko alikokwenda! Alikaa anasubiri kipuri mpaka mtoto akaota meno. Ndipo nikajua kwamba dua lazima uitajie na mahali."

Msusi alicheka mpaka akalazimika kukaa sakafuni, upande ule laini, na alipofuta machozi hakuwa na uhakika yote yalikuwa ya kucheka.

*

Kesho yake alifua mashuka. Alikuwa anayaanika Kufuli alipopiga.

"Ndege saa ngapi?" msusi aliuliza hata kabla ya salamu.

"Bado kidogo. Kuna mechi ya kumtafuta mshindi wa tatu."

"Si mmeshafungwa?"

"Na wenzetu nao wamefungwa. Tunakutanishwa waliolia." Alikuwa anapumua kama mtu aliyetoka kukimbia. "Mama Kidoti, kaa chini. Kocha anawapa nafasi wale ambao hawajagusa mpira. Kanipa lango. Nacheza."

Shuka lilimpiga msusi usoni kwa upepo. Alilisogeza polepole.

"Hallo? Upo?"

"Nipo."

"Utaniangalia?"

"Nitaangalia nini kingine?" alisema. Safari hii sauti yake ilimsaliti, na mumewe, mbali huko, alidhani ni furaha. Huenda kipande chake kilikuwa furaha kweli.

Mechi ya waliolia haina watu. Mtaa ulikuwa umeshashusha bendera, maduka yamerudi kwenye biashara zake. Msusi alifunga mlango wa saluni, akawaambia wateja wawili waje kesho. Walibaki yeye, mama mkwe, Kidoti, na Refa, ambaye alisema mechi bila refa si mechi.

Walipojipanga kwa wimbo wa taifa, kamera ilipita sura baada ya sura, ikafika kwake. Alikuwa amefumba macho, anaimba kwa mdomo wote. Kidoti alipanda kiti akaweka kidole kwenye kioo cha televisheni. "Baba," alisema, bila kushangaa sana, kama anayetaja picha kitabuni.

Hata jasho lilikuwa halijawatoka. Ikapigwa krosi nyepesi kutoka kulia, mpira wa kudaka hata mtoto. Kufuli akatoka, akaruka, akaushika, na akiwa anashuka mpira ukamponyoka mikononi, ukamgonga gotini, ukajiviringisha hadi wavuni taratibu kana kwamba unaona aibu.

"Kufuli limefunguka!" Refa aliropoka. Kisha akamwona msusi, akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Nje, kwenye duka la jirani, kicheko kilisikika. Msusi alinyanyua mkono kuizima televisheni.

"Usizime," alisema mama mkwe. "Kafanya nini?"

"Mpira umemponyoka, mama. Wamefunga."

"Amelala au ameinuka?"

"Ameinuka."

"Basi niambie anachofanya sasa. Huyu mtangazaji wao ananieleza habari za watu wengine."

Msusi akasogeza kiti. Alianza kwa kusitasita, hajui majina ya mambo. "Ameokota mpira wavuni. Anawapigia mabeki kelele. Ananyoosha mkono, hivi, kama anavyomwambia Kidoti ashuke mezani. Wanasogea. Wamemsikiliza, mama." Kisha: "Wanakuja tena. Yule mrefu anapiga... Amelala! Ameupangua kwa ncha za vidole! Ni kona. Anarudi nyuma anagusa mlingoti. Huku anagusa, na huku anagusa. Sijui kwa nini anaigusa."

"Anajua lango liko wapi bila kugeuka," alisema Refa kwa unyenyekevu usio wa kawaida yake.

"Anagusa kama mtu anayetafuta ukuta gizani," msusi aliendelea.

"Hiyo naijua," alisema mama mkwe.

Miaka saba alikuwa mke wa golikipa, na hajawahi kumtazama akidaka mechi nzima. Alikuwa akitazama kama atarudi mzima tu, au kama goti linavimba. Sasa, kwa kuwa alilazimika kumwelezea mtu asiyeona, ilibidi aone. Aliona kwamba mume wake, ambaye nyumbani alikuwa mzito wa kuamka na husahau alipoweka soksi, mle ndani alikuwa mwepesi na hakusahau chochote. Aliwahi mpira kabla haujapigwa. Alimpa mkono adui aliyeanguka, akamnyanyua, akamwambia neno, wakacheka. Msusi akamweleza mama mkwe hata hilo.

Kipindi cha pili tukasawazisha, na Refa akaipiga ndoo teke. Karibu na mwisho wapinzani wakapiga shuti kutoka mbali, likamgonga beki wetu likabadili njia, na hakuna kipa aliyezaliwa ambaye angelifikia. Mbili kwa moja. Firimbi. Nafasi ya nne, ambayo haina medali.

Wachezaji wakaanza kutoka. Kufuli hakutoka. Alikuwa amesimama kwenye mstari wa lango lake, mkono mmoja juu ya mlingoti, anatazama uwanja unavyomwagika watu. Mtu mwenye kizibao akamwendea, akamwonyesha njia. Kufuli akatikisa kichwa kuitikia, lakini bado akakaa kidogo. Kamera ikamsogelea, na msusi akauona uso wake mzima. Hakuwa na huzuni. Alikuwa ametulia, amejaa, kama mtu aliyekula akashiba baada ya kufunga siku nyingi.

"Anafanya nini sasa?" aliuliza mama mkwe. "Mbona umenyamaza?"

"Anapumzika, mama," alisema msusi.

*

Alirudi na mafua, begi lilelile dogo, na jezi mbili. Mtaa ulimpokea vizuri. Refa alimshika mkono kwa mikono miwili na hakutaja krosi. Kidoti alimtazama yeye, akaitazama televisheni, kisha akajificha nyuma ya gauni la bibi yake na kukataa katakata kutoka. Kambi ya klabu ilikuwa inaanza Jumatatu. Kilichobaki kwenye likizo kilikuwa makombo.

Kesho yake asubuhi Kufuli alikoroga saruji amalizie jiko. Msusi hakufungua saluni. Alimletea maji kwa ndoo, akakaa kizingitini, akamsikiliza. Alikuwa anasimulia mechi. Alikuwa ameshaisimulia mara mbili usiku, lakini sasa alikuwa na mwiko, na mwiko ulimsaidia kuonyesha.

"Ule wa kwanza nilijua ni wangu kabla sijaruka. Ndiyo maana ukaniponyoka. Furaha, mama Kidoti. Nilishika furaha nikaachia mpira."

"Baba Kidoti," alisema msusi, "nina jambo."

"Sema."

"Siku ya penalti. Mpira ulipogonga mtambaa panya. Watu wote walilia. Mimi nilifurahi."

Mwiko ukasimama.

"Nilifurahi kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Halafu nikakuona umepiga magoti unalia, nikatamani ardhi inimeze."

Kufuli aliinamisha kichwa. Mabega yake yakaanza kutikisika, kama yalivyotikisika siku ile, na msusi akanyanyuka kwa hofu. Kumbe anacheka. Alicheka bila sauti mpaka akakosa pumzi.

"Nilikuwa silii," alisema alipoweza. "Nilikuwa najificha. Mpira ulipogonga tu ule mwamba, wenzangu wanaanguka, mimi kitu cha kwanza kilichonijia ni kwamba kuna mechi ya mshindi wa tatu. Nikajua kocha atanipa. Kicheko kikanijia pale pale, nikaona nijifunike nisije nikapigwa na watu wazima."

"Wewe!"

"Mimi! Nchi nzima inalia, mimi nacheka ndani ya fulana!"

Wakacheka wote wawili, wameshikana, saruji imempaka msusi shingoni, mpaka mama mkwe akauliza kutoka uani kama kuna mtu ameanguka.

Msusi ndiye aliyenyamaza kwanza. Walikuwa wameomba kitu kimoja, kwa wakati mmoja, na wote wakapewa. Yeye aliomba ili mtu wake arudi. Mtu wake aliomba ili abaki kule kidogo zaidi. Alimtazama, akaona kwamba naye ameshalifikia hilo, maana alikuwa ameokota mwiko na analainisha mahali palipokwishalainika.

"Sikuwa na maana kwamba sitaki kurudi," alisema Kufuli.

"Najua. Nilikuona baada ya firimbi. Ulivyosimama pale." Akakwangua saruji shingoni. "Uso ule hukuwa nao hata siku ya harusi yetu."

"Siku ya harusi viatu vilinibana."

Msusi alicheka tena, kwa kuwa alimpenda, lakini kicheko hakikufika mbali. Kufuli akaweka mwiko chini.

"Mkataba huu ukiisha narudi moja kwa moja," alisema. "Msimu mmoja. Na hata nisipotaka, miguu yenyewe itanirudisha."

Alikuwa ameshasema hivyo miaka mingine, na miaka mingine msusi aliyashika maneno yale akayakunja vizuri akayaweka. Leo hakuyataka.

"Usirudi kwa kufukuzwa na miguu," alisema. "Ukae unanuna mbele ya televisheni, mwili uko hapa na roho iko kati ya milingoti. Nitakuwa nakukumbuka na umekaa kiti cha jirani. Cheza mpaka ushibe, ndiyo urudi. Sitaki mtu mwenye njaa ndani ya nyumba yangu."

Kufuli alipangusa mikono kwenye suruali. "Na wewe je?" aliuliza. "Njaa yako?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Msusi aliisogeza ndoo ya maji karibu naye.

"Yangu ipo," alisema. "Malizia kona ile, inakauka."

*

Jioni ya mwisho Kidoti alitoka nyuma ya gauni. Kufuli alikuwa amepanga mabeseni mawili uani, akasimama katikati, akasema kwa sauti kubwa kwamba hakuna mtu duniani anayeweza kumfunga. Mtoto akaja mwenyewe. Akapiga mpira, baba akaruka upande usio wake, akaanguka kama gunia. Bao. Akapiga tena. Bao. Refa, kutoka ng'ambo ya barabara, akapiga firimbi kwa vidole na kukubali yote. Mpaka giza linaingia Kufuli alikuwa amefungwa mabao yasiyohesabika, na Kidoti alilala mkononi mwake na viatu miguuni.

Asubuhi walimsindikiza kituoni. Mama mkwe alibaki. Alisema magari ameshayaaga ya kutosha. Kufuli alimbusu mtoto kwenye ile alama ya shavuni, akamshika mkewe mkono, akaushikilia mpaka kondakta akagonga bodi ya basi kwa kiganja. Alipanda. Akakaa upande wa dirisha, akaweka kiganja kwenye kioo.

Basi lilipoanza kuondoka, Kidoti alipunga mkono kama alivyofundishwa. Lilipokata kona, akashusha mkono, akamtazama mama yake.

"Anarudi saa ngapi?"

"Siyo leo, mama."

"Kesho?"

"Siyo kesho."

Mtoto akafikiri. Kisha uso ukamkunjamana, akaanza kulia, kilio kikubwa cha mtu mzima, anaitwa na watu hageuki, anataka kukimbilia upande basi lilikokwenda. Msusi alimnyanyua akamweka begani. Siku zote alizoondoka baba yake, mtoto huyu hakuwahi kulia. Alikuwa akiuliza habari ya chakula.

Mama mmoja aliyekuwa akisubiri gari akasema, "Mnyamazishe, mpe kitu."

"Mwache alie," alisema msusi. "Leo ana mtu wa kumlilia."

Akashika njia ya nyumbani, taratibu, mtoto anamlowesha shingo, na njiani, kwa kuwa hapakuwa na mteja wala mtaa wa kumtazama, naye akalia kidogo.